Shahidi Asiyelazimishwa

Kwa miaka kumi na mmoja Rubiela Ordóñez alikuwa akiwapokea wanawake waliopigwa. Meza yake ndiyo iliyokuwa ya kwanza ukiingia ofisi ya ustawi wa familia, pembeni mwa jengo la manispaa, na kazi yake ilikuwa kuandika maelezo kabla mtu hajaonana na mkuu wa ofisi. Mji wenyewe ni mdogo, mji wa kahawa na biskuti za achira, zinazotengenezwa kwa wanga wa mizizi, mkoani Huila, na watu walimwogopa kidogo kwa namna alivyouliza maswali bila kupepesa macho.

"Mnaishi pamoja? Kitanda kimoja? Nani anajua?"

Mwanamke akianza kulia, Rubiela humsogezea karatasi ya kufutia machozi, kisha humwambia, "Lia, mama, ila unijibu. Mimi naliona hilo jicho. Sheria hailioni mpaka uiambie ngumi ni ya nani. Akikupiga jirani, hayo ni mapigano tu, mtaitwa msuluhishwe, mtapeana mikono. Akikupiga mtu wa nyumba yako, hiyo ni jinai ya ukatili wa nyumbani. Haina usuluhishi, na hata wewe mwenyewe ukitaka kuifuta haifutiki. Sasa niambie, huyu ni mtu wa nyumba yako, na utathibitishaje?"

Hivyo ndivyo sheria ilivyokuwa mwaka ule wa 2016. Rubiela aliijua kama anavyojua sala ya kulalia.

Jumanne moja ya mwezi Agosti alikuwa ameinamia kompyuta yake, anamalizia maelezo ya mtu aliyetoka, mwanamke mwingine akavuta kiti na kuketi. Rubiela hakuinua kichwa.

"Jina lako?"

Yule mwanamke akasogeza kiti karibu na meza.

"Mama, jina."

"Wifi, ni mimi."

Sauti ilitoka kwa meno yaliyofungwa. Rubiela akainua uso. Aliyeketi mbele yake alikuwa Fanory, mwanamke wa kaka yake Arcesio. Alikuwa amejifunga mtandio kuanzia kichwani hadi kidevuni, kama mtu aumwaye jino, na upande wa kushoto wa taya ulikuwa umevimba hadi ngozi inang'aa.

"Mungu wangu! Mmevamiwa? Arcesio yuko wapi, naye wamemuumiza?"

Fanory akamtazama. Alimtazama kama unavyomtazama mtoto aliyeuliza swali ambalo jibu lake utaona haya kumpa.

"Hajaja mwizi, wifi."

Rubiela alilielewa neno hilo, halafu akakataa kulielewa. Arcesio alimzidi miaka kumi. Baba yao alipokufa, Arcesio ndiye aliyeacha shule akashika tanuri la biskuti ili Rubiela asome hadi chuo. Ndiye aliyemfundisha kuendesha baiskeli. Ndiye aliyelia kama mtoto mbwa wao alipogongwa na lori la kahawa. Kila Jumapili, Rubiela na mama yao walikula kwake, na nyama iliyonona kuliko zote kwenye sufuria ilitua kwenye sahani ya Rubiela, tangu zamani, bila mtu kusema lolote.

Vidole vyake vilikuwa bado juu ya vitufe. Havikwenda.

Mkuu wa ofisi, Wakili Nohemí Trujillo, alitoka chumbani kwake, akaona taya, akaona uso wa karani wake, akaelewa kabla hajaambiwa.

"Rubiela, ondoka kwenye meza hiyo. Wewe ni ndugu wa anayelalamikiwa, huandiki hata nukta. Toka nje."

Akatoka. Lakini mlango wa ofisi ile haukuwahi kufunga vizuri, kwa hiyo alisimama kwenye korido na kuyasikia maswali yake mwenyewe yakitoka kinywani mwa mtu mwingine.

"Mna cheti cha ndoa?"

"Hapana."

"Mtoto?"

Hapo pakawa na kimya kirefu. "Hapana."

"Kadi ya bima ya afya? Amekuandikisha kama mwenza wake?"

"Kila mwaka alisema mwakani."

"Bili ya umeme, ya maji, barua yoyote yenye jina lako na anwani ile?"

"Hakuna. Vyote ni vya kwake."

"Umeishi naye muda gani, Bi Fanory?"

"Miaka sita na miezi miwili."

Miaka sita na hakuna hata karatasi moja. Rubiela aliegemea ukuta. Ilikuwa kama kusikia habari za mtu mwingine kabisa.

Daktari wa serikali aliandika kwamba taya lilikuwa na ufa, na akampa siku thelathini na tano za kutofanya kazi. Arcesio akaitwa. Alifika amevaa shati la kanisani, akajibu kwa adabu. Yule, alisema, ni mfanyakazi wake. Anakanda unga, anachoma biskuti, na kwa kuwa hana kwao karibu, amempa chumba cha nyuma alale. Waligombana kazini, akamsukuma, akajigonga kwenye mlango wa tanuri. Anasikitika. Yuko tayari kwa usuluhishi.

Rubiela aliposikia maelezo hayo hakumngoja mtu. Alikwenda moja kwa moja hadi nyumbani kwa kaka yake, nyumba waliyozaliwa wote wawili. Alimkuta uani, anapanga biskuti kwenye sinia.

"Rubi! Kaa, mdogo wangu. Umekula?"

"Kaka, umempiga?"

"Nilimsukuma. Umeshamjua yule mdomo wake."

"Taya lina ufa."

"Basi mlango ni wa chuma, nifanyeje?"

"Na kwa nini umesema ni mfanyakazi wako?"

Arcesio akafuta mikono kwenye aproni. Akacheka, si kicheko cha ubaya, kile kicheko chake cha siku zote, cha kaka aliyefurahishwa na swali la mdogo wake.

"Si wewe mwenyewe uliyenifundisha?"

"Mimi?"

"Kila Jumapili, mezani hapo ndani. Nani kaponea kwa kuwa hawakuishi nyumba moja, nani kafungwa kwa kuwa jina la mke lilikuwa kwenye kadi ya bima. Mama anasinzia, mimi nasikiliza. Unasimulia vizuri, Rubi. Nani mwingine mji huu amesomeshwa sheria bure kama mimi?"

Akamwekea biskuti ya moto kiganjani, kama alivyozoea. Rubiela aliishika. Iliunguza, naye hakuisikia. Alikuwa anahesabu miaka: kila mwaka alisema mwakani. Kumbe haukuwa uvivu wa mwanamume asiyependa foleni za ofisi. Kaka yake alikuwa ameketi mbele ya sufuria ya mchuzi, Jumapili baada ya Jumapili, na maneno aliyoyasema Rubiela kwa majivuno ya kazi yake, mwenzake akayageuza ukuta wa kujifichia.

"Unanitisha, kaka," alisema, na hata sauti yake hakuitambua.

"Usiwe mtoto. Litapita."

Na lingepita kweli. Mwendesha mashtaka, kijana aliyeitwa Cabrera, alizunguka mtaa mzima akitafuta mtu wa kusema kwamba wale wawili waliishi kinyumba. Muuza nyama hakujua. Mama wa duka la mkabala, aliyewauzia mayai miaka sita, hakuwa mtu wa kuchungulia ya wenzake. Padri alisema hakuwafungisha ndoa, na zaidi ya hapo hajui. Biskuti za Arcesio zilikuwa tamu, na watu ni watu.

Mwishowe Cabrera akaja kwa Rubiela, akasimama kofia mkononi.

"Bi Rubiela, unalijua hili kuliko mimi. Ndugu halazimishwi kumshuhudia nduguye. Ukikataa, hakuna atakayekulaumu, wala jaji hatakuuliza kwa nini. Ila bila wewe nina taya lenye ufa na sina nyumba. Itabidi niigeuze kesi kuwa ya mapigano ya kawaida, na hiyo wajua inaishia wapi."

"Kwenye kupeana mikono."

"Kwenye kupeana mikono."

Mama yao, Bi Emperatriz, alikuwa akiishi na Rubiela. Alikuwa mwanamke mfupi, mnene, ambaye sauti yake haikupanda hata alipokasirika. Usiku ule alimwekea bintiye maji moto ya sukari guru, akaketi mkabala naye.

"Mla nawe hafi nawe ila mzaliwa nawe," alisema. "Yule mwanamke atapata bwana mwingine. Wewe utampata wapi kaka mwingine?"

"Mama, amempasua taya."

"Nimesikia."

"Na anasema ni mfanyakazi wake tu."

"Nimesikia, mwanangu. Kunywa, yanapoa."

Kesi ilisikilizwa mwezi Aprili mwaka uliofuata. Chumba cha mahakama kilijaa, maana hakuna aliyetaka kuhadithiwa. Arcesio aliketi na wakili wake, bwana mmoja mwenye ulimi wa asali aliyeitwa Perdomo. Fanory aliketi upande wa pili, taya limepona lakini kidogo limeenda kombo. Bi Emperatriz aliketi benchi la mbele, nyuma ya mwanawe.

Rubiela alipoitwa, jaji, mwanamke mwenye nywele nyeupe zilizokatwa fupi, alimsomea haki yake polepole. "Wewe ni dada wa mshtakiwa. Katiba inakulinda. Huna wajibu wa kutoa ushahidi dhidi yake. Ukinyamaza, kimya chako hakitachukuliwa kuwa na maana yoyote. Umeelewa?"

"Nimeelewa, Mheshimiwa."

"Unachagua nini?"

Arcesio alimtabasamia. Alikuwa na hakika. Hilo tabasamu ndilo lililomuuma Rubiela kuliko yote, kwa kuwa lilikuwa la upendo.

"Nitasema."

Mtu nyuma akaguna, "Ah!" Bi Emperatriz hakutikisika. Tabasamu la Arcesio lilibaki usoni kwa muda, kama taa ambayo mwenye nyumba amesahau kuizima, kisha likatoweka.

Cabrera akauliza, Rubiela akajibu. Ndiyo, aliifahamu nyumba ile, alizaliwa humo. Ndiyo, kulikuwa na chumba cha nyuma, na kilijaa magunia ya unga na jibini, mtu hawezi hata kunyoosha miguu. Fanory alilala chumba cha mbele, kitandani kwa Arcesio. Nguo zake zilitundikwa kabati moja na mashati yake. Krismasi sita mfululizo aliketi kwenye kiti cha mke.

"Alikuwa anakuitaje wewe?"

"Wifi."

"Na mshtakiwa, alipomsikia akikuita hivyo, alimkataza?"

"Alicheka. Alisema, wifi yako leo kaja na njaa."

Watu wakacheka kidogo, kisha wakajikuta wameacha.

"Kuna jambo lingine linalokufanya useme walikuwa mume na mke?"

Rubiela akavuta pumzi. "Alipata mimba yake. Miaka minne iliyopita. Ilifika mwezi wa tano, akaanguka ngazini, ikatoka. Mimi nilikwenda hospitali. Kaka yangu alilia begani kwangu."

Cabrera akashukuru, akaketi. Nyumba ilikuwa imesimama mbele ya jaji, na kitanda chake, na kabati lake. Mtu yeyote aliyejua sheria aliona kwamba shitaka limekamilika.

Perdomo akainuka, akafunga vifungo vya koti.

"Bi Rubiela, umesema umezaliwa nyumba ile. Hebu tuelezee. Tunaingia mlangoni, tunaona nini?"

"Duka."

"Halafu?"

"Chumba cha mbele upande wa kulia. Sebule. Jiko. Chumba cha nyuma. Halafu uani, tanuri na choo."

"Yote hiyo iko chini? Hakuna ghorofa?"

"Yote chini."

"Darini, labda pana chumba?"

"Ni mabati tu."

"Na mlangoni, kuna vidaraja vya kupandia?"

"Hapana. Unaingia sawasawa na barabara."

Perdomo akageukia watu, akatanua mikono kama mwenye kuwakaribisha kwenye karamu.

"Sasa, shahidi, wewe uliyekula kiapo, hebu tuonyeshe. Hizo ngazi alizoanguka huyu mwanamke ziko wapi? Mheshimiwa, mahakama ijionee. Shahidi anatunga. Ametunga kitanda, ametunga kabati, na sasa ametunga ngazi kwenye nyumba isiyo na ngazi!"

Rubiela akafungua kinywa ajibu. Aliitafuta ngazi. Akapita kwa akili dukani, akapita sebuleni, akapita jikoni alikojifunzia kutembea, akatoka uani alikorukia kamba. Aliitafuta kama mtu atafutaye ufunguo mfukoni anamojua ameuweka. Miaka minne alikuwa amelisema neno lile. Aliwaambia majirani, aliwaambia wenzake ofisini, ameanguka ngazini masikini, wala siku moja hakuwahi kujiuliza.

"Hakuna," alisema.

"Sikukusikia vizuri."

"Hakuna ngazi." Akashika ukingo wa kizimba. "Nimezaliwa kwenye nyumba ile. Hakuna ngazi."

Perdomo alikuwa bado ametanua mikono. Polepole akaishusha, maana naye alikuwa ameanza kuisikia maana ya kile alichokifukua. Feni ya ukutani ilikuwa ikikwaruza.

Rubiela akamgeukia kaka yake. "Kaka. Ngazi gani?"

"Shahidi, usizungumze na mshtakiwa," jaji akasema, lakini alisema kwa sauti ya chini.

"Kaka, nakuuliza. Ngazi gani?"

Arcesio aliinamisha kichwa, akaitazama mikono yake iliyolala mezani. Upande wa pili Fanory alitoa sauti moja tu, fupi, kama mtu aliyetuliwa mzigo kichwani ghafla, kisha akafunika uso.

Jaji alitoa hukumu yake baada ya siku tisa. Suala la mimba, alisema, halimo katika shitaka, na mahakama haiwezi kumhukumu mtu kwa lisiloandikwa. Lakini kwamba wawili hao walikuwa watu wa nyumba moja, hilo halikuwa na shaka tena, na taya lilikuwa na ufa, na ufa ulitokana na ngumi. Ukatili wa nyumbani, tena dhidi ya mwanamke. Miaka sita. Arcesio akafungwa pingu palepale, katika shati la kanisani.

Kwenye korido Fanory alimfuata Rubiela. Walisimama wakitazamana, hakuna aliyejua ashike mkono au asishike.

"Kwa nini hukuniambia?" Rubiela akauliza. "Mimi, kazi yangu ndiyo hiyo!"

"Nilikuja mara mbili," Fanory akasema. "Nilifika hadi mlangoni pa ofisi yenu. Nikakuona umekaa pale na karatasi zako, unamwambia mwanamke mmoja asiogope. Nikasema moyoni, huyu ni dadake. Nikarudi kuchoma biskuti."

Fanory aliondoka mji ule wiki iliyofuata, na sasa anapika kwenye hoteli moja ndogo huko Neiva, kwa binamu yake.

Siku ile ya hukumu, Bi Emperatriz alikuwa akimngoja Rubiela kwenye kizingiti cha mlango wa mahakama, mkoba mkononi. Walitembea pamoja hadi nyumbani. Rubiela alifungua mlango, akawasha jiko, akabandika maji, akageuka.

"Mama, wewe ulijua?"

Bi Emperatriz aliketi, akajifungua mtandio mabegani, akaukunja mara mbili, akaukunja tena.

"Siku ile nilifika hospitali kabla yako," alisema. "Muuguzi alikuwa amekuja na fomu, anauliza imekuwaje. Kaka yako anatetemeka, yule binti hawezi kusema. Mimi ndiye niliyesema ngazi."

Rubiela alisikia maji yakianza kuchemka.

"Lilikuwa neno la kwanza lililonijia," mama akaendelea. "Na mimi nilipoumia, zamani, marehemu baba yako alisema ng'ombe. Hatukuwa na ng'ombe."

Hakulia. Alikuwa kama mtu anayetaja bei ya chumvi. Rubiela aliketi sakafuni palepale aliposimama, mgongo kwenye kabati, na hakuna kati yao aliyezima jiko mpaka maji yalipokauka.

Miezi mitatu ilipita kabla Rubiela hajakwenda gerezani. Jumapili ndiyo siku ya wanawake kuwatembelea wafungwa. Alipanga foleni na akina mama na wake wenye bakuli za wali na kuku, akapigwa mihuri mkononi, akapekuliwa, akavuka milango mitano. Arcesio alikuwa amepungua. Alikula alicholetewa hadi mwisho, akalamba kijiko.

"Mama hajambo?"

"Hajambo."

"Tanuri?"

"Limefungwa."

Akatikisa kichwa. Hakumtukana, hakumlaumu. Alimuuliza kama bado anabanwa na kifua kila mvua zinapoanza. Alikuwa kaka yake yuleyule, na hilo ndilo ambalo Rubiela hakuweza kulizoea. Alikuwa amekuja amejiandaa kukutana na mtu asiyemjua.

Mlinzi akapiga filimbi ya kwanza. Rubiela akakusanya bakuli, akafunika, kisha akauliza, bila kumtazama:

"Yule mtoto, alikuwa wa kiume au wa kike?"

Arcesio aligeuza uso. Pale uani watoto wa wafungwa wengine walikuwa wakikimbizana na chupa tupu.

"Wa kike," alisema.

Filimbi ya pili ikalia. Rubiela akasimama, akaingia kwenye mstari wa wanawake waliokuwa wakitoka, na alipofika kwenye lango la kwanza na mlinzi akamwambia anyooshe mkono aonyeshe muhuri, ilibidi amwambie mara tatu.